Straton na Rangi ya Majani

Babu yangu mzaa mama, Straton, alikuwa mpakaji wa chokaa. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa katika buku lake la serikali. Alipaka dispansari ya Nyamitaba, akapaka nyumba za kukaushia pareto kwa mkoloni mmoja wa huko juu, na mkubwa fulani alipotarajiwa kupita, alipaka mawe ya pande zote mbili za barabara. Lakini mtu akimuuliza kazi yake, alijibu kwamba yeye ni mchoraji, na chokaa ni ya kununulia chumvi.

Aliishi na bibi yangu Athanasie kwenye kilima cha Kabingo, juu ya Nyamitaba, katika milima ya Masisi, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani asubuhi bila kubisha hodi. Waliitana Papa Valérie na Mama Valérie, kwa jina la mama yangu, mtoto wao wa kwanza. Nyumba yao kwa nje ilikuwa ya udongo kama nyingine zote. Kwa ndani ilikuwa na korongo amesimama mguu mmoja karibu na kitanda, vyura wanne pembeni mwa mtungi wa maji, na nyuma ya mlango kiwavi mmoja aliyechorwa mara kumi na saba, kila mara mkubwa kidogo. Kiwavi huyo alikuwa wa kweli. Straton alimkuta kwenye kabichi ya Athanasie, akapiga marufuku kabichi ile isikatwe mpaka kiwavi amalize kukua. Kila asubuhi alikwenda kumtazama, kisha akarudi kumchora. Athanasie alivumilia siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane walikula kabichi, au ile iliyobaki, kwani kiwavi alikuwa amekula sehemu kubwa.

Rangi zake alizipata kwa miguu. Nyeupe ilitoka kwenye udongo wa bonde, nyekundu kwenye ukingo wa barabara ya Mushaki palipokatwa na majembe, nyeusi chini ya masufuria ya mkewe, na njano kwenye shimo moja ambalo hakumwonyesha mtu. Aliyatafuna matawi mpaka yakawa na nyuzi, akayatumia kama burosi. Kwa hizo rangi nne aliweza kuchora karibu kila kitu kilichoko Masisi, isipokuwa Masisi yenyewe. Kwa sababu ukisimama Kabingo ukageuka pande zote, unachokiona ni rangi ya majani tu, na rangi ya majani Straton hakuwa nayo.

Jambo hilo halikumsumbua sana mpaka mwaka 1949, alipojiwa na Mwalimu Viateur.

Viateur alikuwa katekista wa kanisa dogo la Kabingo. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kitabu kwapani hata anapokwenda kuchota maji. Alisimama mlangoni kwa Straton, akakataa kuketi, akasema:

"Papa Straton, Pentekoste hii padri mukubwa wa misioni anakuya kusoma misa kwetu. Ukuta wa nyuma ya altari uko mweupe kama sanda. Ninataka utuchoree paradiso."

"Paradiso yote?"

"Yote. Na Adamu na Eva. Lakini bavae."

"Walivaa kitu gani, Mwalimu? Biblia inasema..."

"Ninajua yenye Biblia inasema. Mie njo ninafundishaka. Na ninajua batoto ba katekisimu. Bavae."

Viateur alipendekeza kaptula kwa Adamu. Straton akamuuliza kwa upole ni fundi gani aliyeishona, maana Adamu ndiye mtu wa kwanza. Viateur alifikiri, akaona neno hilo ni kweli. Wakazungumza muda mrefu, na mwishoni wakakubaliana juu ya majani. Yangekuwa majani mengi, yaliyosongamana, kuanzia chini mpaka kwenye kidevu.

"Hata Eva?" Straton aliuliza.

"Zaidi Eva."

Hapo shida ikaanza, maana majani yanayofika kidevuni ni majani mengi, na mtu hawezi kuyachora kwa rangi nyekundu.

Straton alianza na wanadamu. Aliwachora wazima, kuanzia utosini mpaka kwenye kucha za miguu, jinsi walivyoumbwa. Athanasie alipomletea viazi mchana alisimama nyuma yake akitazama.

"Mwalimu alisema bavae," alimkumbusha.

"Batavaa. Lakini jani linalala juu ya mwili, Mama Valérie. Kama mwili hauko, jani litalala juu ya nini?"

Athanasie alisogea karibu. "Huyu Eva ananifanana."

"Kidogo."

"Si kidogo. Na ile kovu ya goti?"

Straton alijifuta mikono kwenye suruali. "Mie ninajua mwanamuke mumoja tu," alisema. "Ningechora nani?"

Athanasie aliuliza tu kama majani yatakuwa mazito, na mumewe akamhakikishia kwamba hata jua halitapita.

Jaribio la kwanza lilikuwa la majani yenyewe. Straton aliwaza kwamba rangi ya majani imo ndani ya majani, kama maziwa yalivyo ndani ya ng'ombe, kazi ni kukamua tu. Akaponda majani ya maboga, ya lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na ya maharage ya Athanasie, mistari miwili mizima, mpaka maharage yakabaki yamesimama kwenye miti yao kama watu walioibiwa nguo. Akachuja, akapaka. Siku ya kwanza paradiso iling'aa hata watu wakaja kutoka kilima cha pili kuitazama. Siku ya tatu ilikuwa rangi ya tumbaku. Viateur alifika, akatazama juu na chini.

"Papa Straton," alisema, "paradiso yetu imeingia kiangazi."

Jaribio la pili lilikuwa la buluu ya kufulia, ile ya vipande vidogo iliyouzwa dukani Sake. Straton alisikia kwamba buluu na njano zikioana huzaa rangi ya majani. Alizichanganya kwenye sufuria kubwa ya mkewe. Zilioana, lakini mtoto aliyezaliwa alikuwa na rangi ya maji ya dimbwi ambalo vyura wamelihama. Athanasie alisugua sufuria ile kwa mchanga siku mbili, na bado maharage ya wiki hiyo yaliiva yakiwa na rangi ambayo hakuna aliyetaka kuitaja mezani.

Kisha mkoloni, aliyesikia habari hizi kutoka kwa wafanyakazi wake wa pareto, akamtumia Straton mkebe wa rangi iliyobaki alipopaka madirisha yake. Ilikuwa rangi ya majani kweli, kutoka Ulaya, tayari. Straton alifungua mkebe, akatazama, akaufunga.

"Iko nini tena?" Athanasie aliuliza.

"Iko rangi ya dirisha."

"Si ni ya majani?"

"Majani gani yanang'aa hivi? Ng'ombe akitaka kuyakula ataona sura yake mwenyewe."

Athanasie alikaa kwenye kigoda chake, akamtazama mume huyu aliyeukataa mkebe mzima. Alifikiria sufuria zake. Alifikiria maharage yake. Kisha akamwambia kwamba mama yake, wakati wa kutia vikapu rangi, alichanganya mkojo wa ng'ombe na chumvi kidogo ili rangi isikimbie. Labda na majani yangekubali kukaa.

Ndiyo sababu kwa muda wa wiki mbili Straton alionekana kila asubuhi akitembea nyuma ya ng'ombe wa Sebarenzi, kibuyu mkononi, akingoja. Sebarenzi alikuwa jirani yao, mtu wa ng'ombe tisa na maneno machache. Alimwacha afuate. Siku ya nne tu alimwambia, "Papa Straton, siku ukihitaji maziwa pia, useme."

Mchanganyiko huo ulikubali. Straton alipika majani ya maboga kwa mkojo wa ng'ombe na chumvi nyingi, nyingi kuliko alivyoambiwa, na akaongeza udongo mweupe ili ushike ukuta. Aliupaka ubaoni akauweka juani siku tano. Haukugeuka. Akaomba chumvi yote iliyokuwa nyumbani, na zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya Pentekoste akamaliza paradiso. Majani yalimfikia Adamu kidevuni. Eva alifunikwa mpaka kwenye mdomo wa chini. Nyoka alipata tawi lake. Viateur alitembea mbele ya ukuta mara tatu akiwa ameshika kitabu chake, akasema kwamba neno moja tu linamtatiza, nalo ni harufu.

"Harufu itaisha," Straton alisema.

Wakaacha mlango wa matete wazi mchana kutwa ili harufu itoke.

Ijumaa ya mwisho, saa sita za mchana, wanawake wa kwaya walikuja kujaribu nyimbo za Pentekoste. Athanasie alikuwa mmoja wao. Walipoingia walimkuta Bihogo, ng'ombe mwekundu wa Sebarenzi, amesimama mbele ya altari kwa heshima, analamba ukuta. Alikuwa ameanza chini upande wa kushoto, akaendelea kwa utaratibu kama mtu anayelima shamba, na shingo yake ilikuwa ndefu. Chumvi yote ya nyumba ya Straton ilikuwa imeingia tumboni mwake, na majani yote pamoja nayo. Adamu alibaki na majani mawili, yote mawili begani. Eva hakubakiwa na kitu, ila lile kovu la goti lilionekana vizuri sana.

Wanawake walitazama ukuta. Kisha wakamtazama Athanasie. Kisha wakatazama ukuta tena. Euphrasie, aliyekuwa mkubwa wao, alisema neno moja tu, polepole:

"Kumbe."

Viateur alikuja mbio kwa kusikia kwamba nyimbo hazianzi. Alipoona, alijifunika macho kwa katekisimu, akaamuru wanawake watoke kinyumenyume. Akatuma aitwe Sebarenzi. Sebarenzi alikuja bila haraka, akamtazama ng'ombe wake, akamtazama katekista.

"Mwalimu," alisema, "kila juma unaniambia nikuye kanisani. Mie sina nafasi. Lakini Bihogo, naona, anasikiaka."

Straton alifika wa mwisho. Watu walimpisha, wakidhani atalia, maana ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akamshika taya, akamfungua mdomo. Ulimi ulikuwa rangi ya majani mpaka ndani kooni. Alilowesha kidole mate, akausugua ulimi ule, akakitazama kidole.

"Haitoki," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata habari njema. "Mama Valérie, ona. Imeshika."

Athanasie alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameivuta mpaka shingoni ingawa yeye mwenyewe alikuwa amevaa vizuri tangu asubuhi. "Papa Valérie," alisema. "Funika."

Lakini kumfunika Eva kwa rangi haikuwezekana tena, kwani chumvi ilikwisha na Pentekoste ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi, kabla umande haujakauka, Straton alichukua panga na kamba akapanda msitu wa juu. Alipogeuka, Athanasie alikuwa nyuma yake na kikapu. Nyuma ya Athanasie walikuja wanawake wote wa kwaya, kwa sababu ni wao waliokuwa na habari kamili juu ya ukubwa wa sehemu inayohitaji kufunikwa.

Straton aliwaongoza mahali anapopajua. Walikata mianzi myembamba, na yale majani ya bondeni yanayofunguka kama mkia wa kinyonga, na majani mapana ambayo watoto hujifunikia mvua, na yale manyoya laini yanayoota juu ya mawe. Alikataa mengine. Euphrasie alileta mzigo mzima wa majani ya mgomba, naye akamwambia kwa heshima kwamba hayo yangefaa ukuta wa baa. Jioni paradiso ilikuwa imesimama tena, imefungwa kwa kamba na vigingi, nene, inanukia udongo na mvua. Viateur aliingiza mkono katikati ya majani mpaka kwenye kiwiko kabla hajagusa ukuta, akaridhika.

Padri mkubwa alifika Jumapili juu ya pikipiki, na vumbi lake, na ndevu zake. Alikuwa mzungu mzee, aliyejua Kiswahili cha kitabuni na kukitamka kama mtu anayetafuna karanga. Kanisa lilijaa mpaka nje. Alipoanza mahubiri aligeukia watu, paradiso ikiwa mgongoni mwake, akazungumza juu ya nyoka.

Sasa, aliyekata majani hayo hakuangalia kila jani. Padri alipokuwa anasema kwamba mwovu huja polepole, kinyonga mmoja alitoka kati ya majani, juu ya kichwa cha Eva. Alikuwa mkubwa, mwenye pembe pembe usoni. Aliweka mguu mmoja, akafikiri, akaweka mwingine. Jicho moja lilimtazama padri na jicho la pili liliwatazama watu.

Kwetu mtu hagusi kinyonga, na wengi hawapendi hata kumtaja. Kanisa lote likanyamaza. Watoto walioshindana kwa viwiko waliacha. Wazee waliokuwa wanasinzia wakaamka. Padri aliona macho mia mbili yamekodoka bila kupepesa, na katika miaka ishirini ya kuhubiri katika milima ya Masisi hakuwahi kusikilizwa hivyo. Akapata nguvu. Alipaza sauti, akaeleza juu ya kishawishi, jinsi kinavyomkaribia mwanadamu akiwa hana habari, na kila alivyoeleza ndivyo kinyonga alivyosogea, mpaka akafika mwisho wa jani, akanyoosha mguu wa mbele, akautikisa hewani, akauweka juu ya bega la padri.

Safu ya mbele ilirudi nyuma kwa pamoja. Safu ya pili ikabidi irudi pia. Padri aliona watu wake wanaikimbia dhambi waziwazi, akanyoosha mikono yote miwili.

Straton alisimama. Alipita katikati ya watu, akafika mbele, akaweka kiganja chake kwenye bega la padri, na kinyonga akapanda mkononi mwake kana kwamba walikuwa wameagana kukutana. Watu waliguna.

"Ni nini hiki?" Padri aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kinyonga, Padri. Alikuwa na sisi tangu mwanzo wa mahubiri."

Padri alimtazama mnyama, akautazama mkono wa Straton, akalitazama bega lake. Alimaliza mahubiri kwa sentensi moja. Kinyonga alisikiliza misa iliyobaki akiwa juu ya kofia ya Straton iliyokuwa magotini, na wale waliokaa karibu naye walipata nafasi kubwa ya kunyoosha miguu.

Baada ya misa padri aliomba kuona paradiso kwa karibu. Viateur alianza kueleza juu ya unyevu, kwamba si vizuri kugusa. Padri alikwisha kuinua jani moja. Akamwona Adamu. Akalirudisha jani polepole, akalinyoosha kwa vidole.

"Na majani ya kwanza, yale ya rangi," aliuliza, "yalikwenda wapi?"

Viateur alitazama sakafu. Straton ndiye aliyejibu. "Yaliliwa, Padri."

"Na nani?"

"Bihogo. Ng'ombe wa Papa Sebarenzi. Kulikuwa chumvi ndani."

Padri alikwenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo, akakohoa muda mrefu sana kwa mtu asiye na kifua. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji. Alisema kwamba majani yabaki. Ila majani hunyauka, kwa hiyo kila Jumamosi yaletwe mapya, wala isipite Jumapili hata moja bila majani, kwa sababu ambazo Mwalimu Viateur anazifahamu vema.

Hivyo ndivyo Straton, aliyetaka kutengeneza rangi ya majani, akawa mtu wa kuleta majani. Kila Jumamosi alipanda msituni, na Athanasie alianza kwenda naye, mwanzoni kuhakikisha kwamba wingi unatosha, baadaye bila sababu ya kutaja. Na watu wa Kabingo wakazoea. Wakati wa maua walileta maua. Kilima cha pili kilileta mianzi yake ili kisionekane masikini. Sebarenzi mwenyewe, ambaye bado hakuingia kanisani, aliacha mzigo wa majani mlangoni kila mwezi, akamfunga Bihogo mbali.

Straton hakuacha majaribio yake. Alijaribu mende, nyongo ya mbuzi, na moshi. Lakini aliyeipata rangi si yeye.

Mwaka 1953 mimi nilizaliwa Mushaki, ambako mama yangu Valérie alikuwa ameolewa. Bibi Athanasie alitaka kuja kuniona akiwa amevaa bangili zake za shaba, za mama yake. Zilikuwa zimefifia, akaziloweka katika kasiksi iliyochacha, ile pombe ya ndizi, ili zing'ae. Kesho yake asubuhi habari ikafika kwamba nimekuja mapema. Akaondoka mbio, bangili akazisahau kwenye chungu, na kwa kuwa nilikuwa mdogo kama panya, kama asemavyo mpaka leo, alikaa nami wiki tano. Aliporudi alifunua chungu. Bangili zilikuwa zimevaa unga mzito, laini, wenye rangi ya shamba la mahindi baada ya mvua ya kwanza.

Straton aliitwa. Alichuchumaa juu ya chungu kile. Kisha akanyoosha kidole.

"Acha," Athanasie alisema. "Iko yangu."

"Mama Valérie, nimeitafuta miaka ine."

"Ninajua. Katika sufuria zangu."

Aliukwangua unga mwenyewe, akaimwaga kasiksi ya chungu kile mbali na kuku, maana alisema kitu kilichokula shaba hakikosi kula tumbo. Ulijaa kijiko kimoja. Straton alimwonyesha jinsi ya kuusaga na yai, akamtafunia tawi jipya la kuchorea, akasimama kando. Athanasie hakuwahi kuchora maishani mwake. Alichora kwenye ukuta wa jikoni maharage yanayopanda mti, majani yake yamepinda, mengine makubwa kuliko mti wenyewe, na kila jani alilitoboa matundu, kwa sababu yeye alilima maharage na alijua kwamba jani lisilo na tundu ni la uongo.

Wiki ile Viateur alipita kuomba moto. Alisimama mbele ya ukuta wa jikoni mpaka kijinga kikazimika mkononi.

"Papa Straton," alisema, "hii njo umechora muzuri kupita zote."

Straton alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Si mie," alisema. "Iko Mama Valérie."

"Ooh," Viateur alisema. Akatazama tena, ili aone kama ni nzuri bado. "Basi amekupita."

Straton aliudhika siku mbili. Alikwenda kupaka chokaa kwa mkoloni akarudi usiku. Siku ya tatu alikuja na waya wa shaba aliouokota nyuma ya karakana, akaukata vipande vidogo, akaviweka mwenyewe kwenye chungu chenye kasiksi iliyochacha, akamwambia mkewe kwamba hii ni ya kwake, na kama kitabaki kidogo, kidogo tu, yeye angependa kujaribu kuchora panzi.

Watu walianza kumwita Athanasie kwa kazi ya kuta. Alikwenda na Straton, naye Straton alipaka nyeupe chini, kisha akamsagia rangi.

Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1955, walipanda msituni kama kawaida. Mvua ilikuwa imepita, na jua lilikuwa linaingia kati ya miti. Athanasie alisema kwamba majani ya pale yana rangi kumi na moja. Straton alisema kumi na tisa. Athanasie akamwambia azihesabu. Alizihesabu kwa kidole, na kila aliyoitaja Athanasie aliikubali au akaikataa, akisema kwamba hii ni ile ya kwanza ikiwa kivulini. Walikula viazi vyao vya kuchoma juu ya gogo. Wakaanza upya, maana jua lilisogea, na rangi zote zilibadilika, na ile ya saba haikuonekana tena. Walishuka wakibishana, wakafika nyumbani wamechoka na wenye furaha, na hawakuwa na jani hata moja.

Walikumbuka Jumapili asubuhi, kengele ilipolia.

Viateur, kwa upande wake, aliyatoa majani makavu ya juma lililopita akangoja mapya mpaka watu wakaanza kuingia. Straton na Athanasie walipotokea mlangoni wakihema, mikono mitupu, walimwona Eva amekingiwa mwavuli mweusi uliofunguliwa wazi, na Adamu amevaa koti la mvua la katekista, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Viateur aliongoza sala zote bila kugeuka nyuma. Walipomaliza mvua ilianza kunyesha, mvua kubwa ya Masisi, na kanisa lilikuwa limejaa watoto. Viateur alitazama koti lake, akawatazama watoto, akaweka kitabu chini ya shati lake, akatoka akaenda kwake hivyohivyo, bila koti wala mwavuli.